Mwalimu wa kijijini na simu yake: jinsi ya kupiga picha za wanafunzi na maisha ya senta, na kuzitunza zisipotee

Walimu wenzangu, hasa mliopo shule za pembezoni, hebu fungua galari ya simu yako sasa hivi uangalie picha za shule ulizonazo. Nakuhakikishia nyingi ni mahafali, ugeni wa mkurugenzi, makabidhiano ya madawati na walimu wamejipanga mbele ya ofisi na vitenge vya sare. Siku ya kawaida haina hata picha moja. Hakuna picha ya rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mwembe inayogongwa kwa nondo kama kengele, hakuna picha ya watoto wanaingia getini Jumatatu na vidumu vya maji na fagio za chelewa, hakuna picha ya yule mama wa ubuyu anayekaa nje ya uzio miaka nenda rudi. Na hivyo ndivyo vitu vinavyoondoka bila kuaga. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku Juni 2019, leo ukiwa na picha ya mtoto wa darasa la pili kabeba madaftari kwenye rambo tayari una kumbukumbu ya kipindi, lakini wakati ule nani aliona ni kitu cha kupiga picha?

Mwalimu ana nafasi ambayo mpiga picha wa mjini hanunui kwa hela. Upo kila siku, watoto wamekuzoea, senta nzima inakujua kuanzia stendi mpaka mashine ya kusaga. Kwa hiyo huu ni mwongozo wa kuitumia hiyo nafasi kwa simu ya kawaida tu, bila kamera ya mamilioni.

1. Ruhusa, kabla hujatoa simu mfukoni

Hapa usiruke. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, na picha ya mtu ni taarifa yake. Kwa mtoto ridhaa inatoka kwa mzazi au mlezi, sio kwa mtoto mwenyewe kusema "nipige mwalimu". Wenzetu Kenya wana sheria yao ya mwaka 2019 na haichezewi, mwaka 2023 shule moja kule ilipigwa faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila ridhaa ya wazazi. Kwa hiyo usije ukasema si picha tu.

Cha kufanya ni hivi. Anza na mwalimu mkuu, mwandikie barua fupi useme unataka kuweka kumbukumbu ya picha za shule, akubali kwa saini. Halafu subiri kikao cha wazazi, omba dakika chache, eleza kwa lugha ya kawaida, na uwe na karatasi za kusaini. Karatasi isiwe na maneno ya kisheria ya kutisha, iwe kama hii:

"Mimi mzazi/mlezi wa ........ darasa la ...... nakubali / sikubali mwanangu apigwe picha na mwalimu ........ kwa ajili ya albamu ya shule. Nakubali / sikubali picha hizo kuwekwa mtandaoni. Naweza kubadilisha mawazo muda wowote."

Umeona nimetenganisha albamu na mtandao, hiyo ni makusudi. Wazazi wengi watakubali la kwanza na kukataa la pili na wana haki yao. Asiyejua kusoma msomee, aweke dole gumba mbele ya mtu mwingine. Wale waliokataa andika majina yao nyuma ya daftari lako la maandalio ili usisahau, na siku ya picha ya darasa mpe huyo mtoto kazi ya maana kama kupanga wenzake mistari, asije akajiona katengwa.

Kuna picha hata ukiwa na saini usipige. Mtoto anachapwa, mtoto analia, mtoto amechanika kaptula, mtoto anaoga mtoni, mtoto amezimia paredi. Usitumie umaskini wa mtoto kutafutia wafadhili au likes. Mimi kipimo changu ni kimoja, huyu mtoto akiwa na miaka thelathini akaiona hii picha mbele ya watoto wake, atafurahi au atainama?

2. Simu yenyewe

Futa kioo cha kamera. Nacheka lakini nipo serious, simu ya mwalimu ina vumbi la chaki, ina jasho, ina mafuta ya maandazi ya saa nne, halafu unalalamika picha zina ukungu. Kipande cha kanga iliyozeeka kinatosha, usitumie karatasi ngumu.

Ukishafuta ingia settings za kamera, weka ubora wa juu kabisa, washa ile mistari ya kugawa skrini ikusaidie kunyoosha, na uzime location. Location ikiwa imewaka kila picha inabeba ndani yake mahali ilipopigwa, na ukiituma kama faili, mtu mwingine anaweza kujua shule ya mtoto ni ipi. Mahali utaandika mwenyewe kwa mkono, tutafika huko.

Usivute picha kwa vidole. Ile zoom ya kuvuta kwenye simu nyingi za bei yetu inakata tu picha na kuikuza, ndo maana nyuso zinakuwa kama zimechorwa kwa rangi ya maji. Sogea kwa miguu. Na fleshi ya simu achana nayo, usiku nje haifiki mbali na ndani inawafanya watu wang'ae paji la uso huku nyuma kiza kitupu.

3. Mwanga, na kwa nini nyuso zetu zinatoka nyeusi tii

Hili ndilo linalowashinda wengi ngoja nilieleze taratibu. Simu inapima mwanga wa eneo lote unaloliona kwenye skrini halafu inatafuta wastani. Sasa umempiga mtoto nje, nyuma yake ni anga jeupe la saa sita, yeye kavaa shati jeupe la shule, simu inaona weupe mwingi inasema mwanga umezidi, inapunguza, matokeo shati limetoka vizuri na anga limetoka vizuri ila uso haupo. Sio kosa la ngozi ya mtoto, simu ndo imepima kitu kingine.

Dawa: gusa uso wa mtoto kwenye skrini. Simu nyingi zitaonyesha kijua kidogo pembeni, kisogeze juu au chini taratibu mpaka uone macho vizuri na bado ukiona mikunjo ya shati. Kama shati limekuwa jeupe plain kama karatasi, shusha kidogo. Halafu angalia nyuma ya mtu kuna nini, ukuta wa udongo, majani ya migomba, mlango wa mbao, ubao, vyote hivyo ni rafiki. Anga tupu na ukuta mpya uliopakwa chokaa sio rafiki.

Saa nazo. Kwetu jua la kati ya saa nne na saa tisa linapiga kutoka utosini, macho yanakuwa mashimo. Mwanga mtamu ni saa moja mpaka saa tatu asubuhi na saa kumi mpaka saa kumi na mbili jioni. Kwa bahati nzuri paredi ya asubuhi inaangukia humo humo, na watoto wakiwa wanatoka kurudi nyumbani jioni pia. Mchana ukilazimika wapeleke chini ya mwembe, ila hakikisha wote wapo ndani ya kivuli, sio nusu kivuli nusu jua maana utapata watoto wenye madoa kama chui.

Darasani simama upande wa madirisha, mgongo wako uelekee dirisha, uwapige wao wakiwa wamegeukia mwanga. Mwanga wa dirisha lisilo na vioo, tena asubuhi, ndio studio bora kuliko zote na ipo bure shuleni kwako.

4. Nini cha kupiga shuleni

Wiki ya kwanza watoto watakuvamia. Ukitoa simu tu wanajaa mbele, vidole viwili hewani, wanasukumana. Usigombe. Wapige hiyo picha ya vurugu, waonyeshe, wacheke, wapige tena. Fanya hivyo siku kadhaa mpaka simu iwe kitu cha kawaida kama rula, ndipo utaanza kuwapata wakiwa wao. Halafu chuchumaa. Ukimpiga mtoto wa darasa la kwanza ukiwa umesimama unapata kipara na vumbi, ukishuka usawa wa macho yake picha inabadilika kabisa.

Sasa kila kitu unachokiona kila siku ndo orodha yako. Mikono ya mtoto anayeandika akiwa ameishika penseli fupi kuliko kidole. Zamu ya kuchota maji. Wapishi wa uji na lile sufuria, moshi ukipita kwenye jua la asubuhi. Watatu kwenye dawati la wawili. Daftari la mahudhurio. Viatu vilivyopangwa nje ya darasa la awali. Mpira wa makaratasi na kamba. Kiranja akiandika majina ya wapiga kelele. Mwalimu mwenzako anasahihisha huku anakula muhogo (muombe ruhusa, wengine hawataki).

Piga pia majengo hata kama unaona yanaboa, haya yanakuwa muhimu kuliko unavyofikiri. Elimu bila malipo ilipoanza 2016 madarasa ya chini yalifurika, na mwishoni mwa 2021 yakajengwa madarasa mengi ya fedha za UVIKO. Walimu wengi walipiga lile jengo jipya na ribbon yake, wachache sana walipiga lile la zamani la miti na bati kabla halijabomolewa. Cha kufanya chagua sehemu moja, mfano chini ya mlingoti wa bendera, kila Januari shule ikifungua simama pale pale, geukia upande ule ule, piga. Baada ya miaka kadhaa hutahitaji kueleza kitu.

Picha ya darasa zima ina utaratibu wake. Watoto tisini huwezi kuwapanga mstari mmoja, nyuso zitakuwa punje. Tumia ngazi za veranda au madawati: wafupi wamekaa chini, wanaofuata wapige magoti, wengine wasimame, wa nyuma juu ya madawati (mwalimu mmoja ayashike). Rudi nyuma mwenyewe badala ya kutumia ile lenzi pana, maana lenzi pana inawanenepesha wa pembeni. Piga nyingi mfululizo (kwenye simu nyingine ni kwa kubonyeza kitufe bila kuachia), kwenye watoto tisini lazima kuna aliyefumba macho.

5. Senta na watu wake

Huku sio shuleni, huku huna mamlaka, una jina zuri tu. Usipige kwa kuibia. Salimia kwanza, kaa, nunua hata karanga, ndipo useme: "Shikamoo mzee, mimi mwalimu wa pale shuleni, naomba nikupige picha ukiwa na cherehani yako, nitakuletea ya karatasi." Wengi watakubali, wengine watataka kwanza wakabadilishe shati, waache wabadilishe, hiyo ndo picha wanayoitaka wao. Ila ukishapiga ya shati jipya, kaa kaa hapo, wakirudi kazini omba kupiga ya pili. Akisema hapana ni hapana, usimwambie "mzee picha moja tu". Akidai hela usibishane, asante, ondoka vizuri, kesho mtakutana tena.

Mimi napenda sana mabaraza. Fundi cherehani, kinyozi na ile michoro ya mitindo ya nywele ukutani, kijiwe cha boda, meza ya drafti ya vizibo, wakala wa miamala kwenye kibanda, mnada siku yake, mbao za matangazo ya mpira kwenye vibanda umiza. Mwenge ukipita wilaya yenu (huwa unazunguka kati ya Aprili na tarehe 14 Oktoba) wote watapiga mwenge, wewe piga watu wanaousubiri.

Kituo cha polisi, kambi na vitu vya ulinzi usiguse kabisa. Msibani na zahanati mpaka uombwe na wenyewe.

6. Majina, siku hiyo hiyo

Kama utachoka na kuacha hatua nyingine zote, hii usiiache. Picha isiyo na jina wala tarehe baada ya miaka ishirini inakuwa picha ya watu fulani. Unadhani utakumbuka, hutakumbuka, wewe unafundisha mamia ya watoto na kila mwaka wanaingia wengine.

Nunua counter book moja. Jioni kabla hujalala andika: tarehe, mahali, nani yupo kutoka kushoto kwenda kulia, wanafanya nini, na jambo moja ambalo picha haionyeshi. Hilo la mwisho ndo utamu wenyewe. Mfano:

"Alhamisi 14 Machi 2024, kama saa moja asubuhi. Kisima cha nyuma ya shule. Zamu ya darasa la sita. Wa kwanza kushoto ni mtoto wa mzee wa mashine, aliyeinama ni mdogo wake, yupo darasa la tatu, alikuja kumsaidia. Pampu ilikuwa imekufa tangu wiki iliyopita wanachota kwa kamba. Kidumu cha njano kina kizibo cha gunzi."

(Kwenye daftari halisi weka majina kamili ya watoto, hapa nimeyaacha kwa sababu zile zile za namba moja. Na daftari lenyewe lisikae ovyo ofisini.)

Na ita watu kwa jina wanalojulikana nalo pia. Senta nzima inamjua kwa jina la utani, la kwenye kitambulisho hakuna anayelijua, andika yote mawili.

7. Kuhifadhi

Simu inaibiwa, inatumbukia kwenye ndoo, mtoto anai-reset. Kwa hiyo picha ziwe sehemu tatu: kwenye simu au laptopu, kwenye fleshi (ile ya kuchomeka kwenye kompyuta) au memori kadi inayokaa nyumba nyingine kabisa, na mtandaoni kwenye hifadhi yako binafsi isiyoonekana na wengine. Google wanatoa GB 15 za bure ila zinagawana na email na Drive, toka Juni 2021 picha hazikai bure bila kikomo, kwa hiyo pandisha zile nzuri tu na uzipandishe usiku ukiwa na bando la usiku. Fleshi za bei ya kutupa zilizoandikwa GB 512 ziogope, nyingi ni feki, ndani ina nafasi kidogo na inaendelea kukubali picha huku inazifuta kimya kimya. Nunua ndogo ya ukweli, jaza, kisha fungua picha moja moja uone kama zinafunguka.

Majina ya mafaili yaanze na mwaka: 2024-03-14_kisimani_01. Ukianza na mwaka kompyuta inazipanga zenyewe kwa mfuatano.

WhatsApp isiwe ghala lako. Ukituma picha kawaida inaminywa, ikisafishwa inatoka na vyumba vyumba. Tuma kama document.

8. Kusafisha na kuwapa wenyewe

Uliahidi, peleka. Hapo ndo utajenga jina au utaliua. Sio lazima usafishe zote, kusanya za mwezi ukienda mjini kuchukua mshahara upitie studio. Saizi ya kawaida ni 4R, yaani kama sentimita 10 kwa 15, na kwa hiyo saizi picha yenye pikseli 1200 kwa 1800 inatosha kabisa, simu yoyote ya sasa inafika. Waambie wasikate vichwa na wasiwapake weupe, kuna studio zina tabia ya kung'arisha ngozi za watu bila kuulizwa.

Nyuma andika kwa penseli laini bila kukandamiza, kalamu ya wino inatoboa au inahamia kwenye picha ya chini yake. Penseli ikigoma kuandika, maana karatasi za siku hizi zina utelezi, andika kwenye kikaratasi uweke pamoja. Hifadhi kwenye bahasha za karatasi ndani ya boksi, juu ya kabati sio chini, mchwa hawana heshima. Na lamineshi jamani tuache, najua watu wanaipenda inang'aa, lakini ikishapigwa haitoki tena, na pembeni ikifunguka maji yanaingia yanakaa humo humo.

9. Picha za waliokutangulia

Kila kata ina mwalimu mstaafu aliyefundisha enzi za UPE (mpango wa elimu ya msingi kwa wote), kule mwishoni mwa miaka ya 70, au aliyeshuhudia Operesheni Vijiji, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa. Ana albamu chini ya kitanda. Nenda kamsalimie, sio siku moja. Zanzibar Capital Art Studio ya Ranchhod Oza ilianza 1930 na leo watu wanaingia pale kuuona mji wa zamani kwenye picha zake, huku bara vijijini wengi hatukuwa na studio ya namna hiyo, kilichopo ni hizo albamu.

Usiziondoe nyumbani kwake, zipigie pale pale. Laza picha mezani karibu na dirisha, jua lisiipige moja kwa moja, shika simu sambamba kabisa na picha, angalia kama kuna mng'ao, ukiuona geuza picha sio simu. Piga na nyuma yake kama kuna maandishi au muhuri wa studio. Iliyoganda kwenye albamu ya gundi usiibandue, ipige ikiwa humo. Akiwa na vipande vya mkanda (negativu za kamera ya filamu) usikubali avitupe: weka tableti au simu ya pili skrini nyeupe mwanga wa juu, inua mkanda sentimita mbili hivi juu ya skrini ili nukta za skrini zisionekane, piga kwa karibu, kisha geuza rangi kwa programu yoyote ya kuhariri. Utashangaa nyuso zinavyotokea.

Wakati unapiga acha kinasa sauti kinakwenda kwenye simu ya pili, kwa ruhusa yake. Usimuulize "hii ya mwaka gani", wengi hawakumbuki. Muulize huyu yuko wapi sasa hivi, nyumba hii ilikuwa ya nani, siku hiyo mlikula nini. Mwaka utakuja wenyewe.

Ukihamishwa

Barua ya uhamisho ikija hutakuwa na muda, utakuwa unahangaika na malipo na lori la mizigo, kwa hiyo liandae mapema. Nakala moja ya picha za albamu kwenye fleshi pamoja na fotokopi ya daftari la majina vikabidhiwe kwa mwalimu mkuu kwa maandishi kwenye kitabu cha makabidhiano, kama unavyokabidhi vitabu na mipira. Zile za watu wa senta zikae kwako, hao walikuruhusu wewe sio shule. Fomu za ridhaa za wazazi ziende pamoja na picha. Na kabla hujaondoka pita kwa wote ambao bado wanakudai ahadi ya picha ya karatasi, au mwachie hela na orodha mwalimu mmoja unayemwamini awapelekee.